Jikoni ya Nne, Boila ya Tisa

"Hebu nisomee tena, mwanangu," alisema Bi Kazija. "Pengine masikio yangu yana nta."

"Nimeshakusomea mara tatu, Bi Kazija."

"Basi hii ya nne iwe ya kufungia."

Usama, fundi wa simu aliyetoka Chake, alipangusa vidole kwenye suruali, akabakisha mafuta ya kutosha kukaangia dagaa wa watu wanane, akaiinamia kompyuta yake. Alikuwa amekalia kiti cha Bi Kazija, mpokea simu wa kiwanda. Kiti hicho mwenyewe alikikalia miaka ishirini na sita, mpaka mto wake ukachukua umbo lake, na leo kijana huyu kakipanda kama kuku aliyeingia pakacha la mwenziwe. Mbele yake pana muhogo wa kukaanga juu ya kipande cha gazeti. Akitafuna kipande kimoja hugusa kitufe kimoja cha simu, akitafuna kingine hugusa kingine, na kila kitufe alichokigusa kiling'aa kama paji la uso la mtu mwenye homa. Bi Kazija alikwisha kukata shauri kwamba akishaondoka atavisugua vyote kwa majivu na ndimu.

"Wa kwanza Mzee Bakar, mkurugenzi," Usama alisoma. "Wa pili nyumbani kwa Mzee Bakar. Wa tatu shemeji yake, Bwana Yussuf."

"Ambaye huja hapa kiwandani lini?"

"Hilo halimo humu."

"Huja kukiwa na pilau. Endelea."

"Ya nne jikoni. Ya tano mizani. Ya sita stoo. Ya saba getini. Ya nane chumba cha wageni."

"Chumba cha wageni hakijalala mtu tangu kijengwe, wamo popo tu. Hao popo wanampigia nani?"

"Ya tisa," alisema Usama, na sauti ikashuka, "boila."

Bi Kazija alishikwa na kitu kisicho hasira. Hasira anaijua, huanzia kichwani. Hiki kilianzia ulimini, na kilikuwa na ladha ya shubiri. Kilikuwa kile kinyaa kinachomshika mtu akifunua chungu cha wali na kumkuta mjusi kajilaza humo kwa raha zake, anamtazama kama kwamba yeye ndiye aliyeingia bila hodi.

"Na moto ushawashwa," alisema. "Tazama dirishani uone moshi. Jecha yuko kule tangu alfajiri."

Jecha ni mumewe, na ndiye msimamizi wa boila. Kiwanda chenyewe kilikuwa bondeni, nje kidogo ya Mgogoni, kikikamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Boila ilichemsha maji, mvuke ukapita kwenye mapipa ya makonyo, na upande wa pili yakatoka mafuta yenye harufu kali hata watu wa Mgogoni wakaapa kwamba tangu kiwanda kijengwe katika kijiji kizima hakuna aliyeumwa na jino, na kwamba papa wanaopita karibu na pwani hujileta wenyewe kuja kuvuta pumzi. Ofisi ilikuwa upande huu wa ua. Boila, jiko, mizani na stoo vilikuwa upande ule. Kati ya pande hizi mbili zilipita nyaya za simu, zamani saba, sasa mbili. Tano walizila panya, na panya hao, kwa jinsi walivyonona, ilibidi paka wa kiwanda awapishe njiani.

Na simu za mkononi zilikatazwa ng'ambo ya ua kwa sababu ya mvuke wa mafuta. Mwenye neno lake alisema kwa waya au alinyamaza.

"Nieleze tena inavyokata," alisema Bi Kazija.

"Njia ni mbili," alisema Usama, kwa uvumilivu wa mtu anayefundisha ukuta. "Zikishikwa zote, na mkubwa akataka kupita, mashine humtafuta mdogo kuliko wote waliomo njiani. Humpigia mlio mmoja, tii, humtoa, humwingiza mkubwa. Ndiyo kazi yake."

"Kama sinia la pilau. Kaja mzee, mtoto ainuke."

"Hapo hapo, mama."

"Ila mtoto mwenyewe kashika kaa la moto, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia."

Usama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na mdomo uliojaa muhogo.

Orodha ile haikuandikwa na fundi. Mzee Bakar aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, nyuma ya kadi ya harusi, na mtu akiitazama ataona kwamba mpango wake ulikuwa wa harusi vilevile: nani akae juu mkekani karibu na bwana harusi, nani akae katikati, nani akae mlangoni penye viatu. Alimweka kila mtu kwa heshima yake. Mlinzi wa geti akapanda, kwa kuwa ndiye anayetangaza wageni. Wageni wakapanda, kwa kuwa ni wageni. Mtia kuni na msimamizi wa moto, watu wa masizi na jasho, nani anawaalika hao mbele? Wakakaa na viatu.

Zamani mwenye kukata alikuwa Bi Kazija. Kiwanda kilipofunguliwa alikuwa hajui kusoma ila Kurani aliyosoma chuoni, lakini alikuwa na sikio. Aliletewa ubao wenye matundu na waya, akaambiwa huyu chomeka hapa, yule chomeka pale, na kwa wiki moja akawa anamjua kila mtu kwa pumzi yake kabla hajasema neno. Alijua simu ya mzigo na simu ya umbea. Alijua anayetaka kumposa mtu na anayetaka kumwacha. Jecha mwenyewe alimjua kwa waya miezi sita kabla hajamwona, na alipomwona alisikitika kidogo, maana sauti ilikuwa ndefu kuliko mtu. Na boila ilipoita, hata kama Mzee Bakar yumo katikati ya neno, Bi Kazija aliingia kwa upole wa mchukua chetezo cha udi: "Niwie radhi, Mzee, boila inaita," kisha akachomoa. Miaka ishirini na mitano hakuna aliyeungua hata ukucha.

Mwaka huu wakaleta mashine yenye akili. Bi Kazija akapewa hedifoni ya kuvaa kichwani na taa za kutazama.

Jumanne iliyopita taa ya boila iliwaka. Akapokea.

"Asalaam aleikum, Bi Kazija," alisema Jecha.

"Waaleikum salaam, Bwana Jecha."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama," alijibu Bi Kazija, aliyeamka ubavuni pa mtu huyuhuyu, baada ya kupigwa teke la muundi usingizini.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Nyumbani ni wao wawili na paka.

"Nashukuru kusikia. Sasa, Bi Kazija, huku kwetu—"

Tii.

Kimya. Alidhani Jecha ameangusha mkono wa simu. Hakujua kwamba wakati uleule Mzee Bakar alitaka jikoni, na kwamba njia moja ilikuwa na mizani na ya pili ilikuwa na boila, na kwamba mashine ilitazama ikaona wa tisa, ikamtoa. Hakujua kwamba neno lililokuwa mdomoni mwa Jecha lilikuwa maji. Maji ya boila yalikuwa yameshuka hadi alama nyekundu, na swichi ya pampu ya kisima ipo ukutani, hatua moja kutoka kitini pa Bi Kazija. Angenyoosha mkono tu. Jecha alipiga tena, akakuta njia zimejaa. Akapiga tena. Mzee Bakar alikuwa anauliza kama pweza amepondwa vizuri, maana juzi alimganda kwenye meno.

Kisha bomba likaachia. Kishindo chake, watu wa Wete walidhani ni mzinga wa mwezi kuandama. Mabruki, mtia kuni, ndiye aliyekuwa karibu. Mvuke ulimchukua kuanzia shingoni hadi kiunoni, na alipotolewa ngozi ya mgongo ilikuwa imejikunja kama ganda la jimbi lililochemka. Sasa amelazwa hospitali, kifudifudi, na akitaka kucheka huomba ruhusa kwanza.

Na Mzee Bakar alitoka ofisini baada ya muda mrefu, mchuzi wa nazi umemganda pembeni mwa mdomo, akasimama barazani na kuuliza: "Nini hicho kimelia?" Halafu, kabla hajajibiwa, akageukia jikoni: "Pweza bado mgumu."

Hilo ndilo Bi Kazija aliloshindwa kulimeza. Ajali ni ya Mungu, na bomba ni chuma. Lakini mchuzi ule mdomoni. Siku nne sasa hali pweza, hapiki pweza, na akipita sokoni hugeuza uso.

"Kwa nini hukusema maji kwanza?" alimuuliza Jecha usiku ule.

"Nisemeje maji kabla ya salamu? Nimekuwa ng'ombe?"

"Mabruki kaungua kwa salamu zako."

Jecha alilia, na wakaanza kujadiliana, mume na mke, kama watu wanaogawana shamba. Habari za kuamka ziondoke. Nyumbani hawajambo iondoke. Jecha akashikilia salamu yenyewe. Alisema hiyo haondoi, afadhali aende kutia makonyo kwenye magunia. Walilala hawajakubaliana.

"Sasa nakwambia," Bi Kazija alimrudia Usama, "boila iwe ya kwanza."

"Siwezi. Mzee Bakar kasema hataki kukatwa. Kasema maisha yake yote hajakatwa kauli ila na mamaye."

"Basi mamaye alifanya kazi nusu."

"Bi Kazija, mie saa sita nafunga mashine kwa neno la siri, Mzee anatia saini, nakwenda zangu Chake. Nikigeuza na akajua, hata kengele ya mlangoni sitaitwa tena kuitengeneza hapa."

"Yakhe, nisikilize. Pale Mgogoni alikuwepo mzee Abrahman. Unamjua?"

"Simjui."

"Kafa kabla hujazaliwa, na hiki nachokwambia ndicho kilichoiponza nyumba yake. Akianza kusema, mzee Abrahman, mbuzi huzaa, watoto wa mbuzi wakakua, wakachinjwa, yeye hajafika kwenye neno lenyewe. Siku moja kaita watu nyumbani, wamejaa, anasimulia mpaka wa shamba lake. Mke wa mwanawe, Nadhira, yumo jikoni. Akaona makuti ya paa yameshika moto. Sasa atafanyaje? Mkwewe anasema. Mkwe hakatwi kauli. Akaja akapiga magoti mlangoni, kainamisha kichwa, anangoja."

"Anangoja nini?"

"Anangoja apumue. Mzee Abrahman hakuwa mtu wa kupumua. Wageni wanauona moto, wanausikia, makaa yanawadondokea kwenye kofia, wanayapangusa taratibu, wanasema naam, naam. Mmoja kofia imeungua yote kabaki na duara la kushonea. Mwisho moto ukashika ndevu za mzee mwenyewe. Akachukua kikombe cha kahawa, akazizima, akasema: 'Sasa nikirudi kwenye ule mkorosho.'"

Usama alicheka hadi muhogo ukamtoka puani, ukaanguka juu ya kompyuta. Bi Kazija alifumba macho. Kuna mambo mtu wa umri wake hapaswi kuonyeshwa kabla ya adhuhuri.

"Hadithi nzuri," alisema Usama, akiukwangua kwa ukucha na kuurudisha mdomoni. "Lakini orodha ni ya Mzee."

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa, mama. Ila kila mtu ana mkubwa wake. Mie nimeandika nilivyoambiwa."

Bi Kazija alijifunga kanga kiunoni. Alipita nyuma ya kiti, akafungua mtoto wa meza wa chini, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mke wa Mabruki ndiye aliyemletea, kwa kuwa hakuweza kuutazama, akamwomba amfulie, maana shati lenyewe lilikuwa jipya. Bi Kazija naye aliuweka siku nne akishindwa. Akafungua fundo. Harufu ya makonyo ilitoka kwanza, tamu, na nyuma yake ikaja harufu nyingine ambayo makonyo hayakuweza kuifunika. Akalitandaza shati juu ya meza, juu ya gazeti, juu ya muhogo.

"Shati la Mabruki," alisema. "Nimeombwa nilifue. Wewe umesoma, nishauri. Niloweke hivihivi, au nibandue kwanza?"

Usama aliangalia. Mgongoni mwa shati, upande wa ndani, palikuwa pamegandamana kitu chembamba, cheupe kuelekea manjano, kilichokauka na kujikunja kwenye kingo kama utando wa uji uliopoa. Alitazama hadi akafahamu ni nini. Mdomo ulikoma kutafuna. Kilichokuwamo hakikwenda mbele wala hakikurudi.

"Meza, mwanangu," alisema Bi Kazija. "Riziki haitupwi."

Usama aliinuka, akaenda dirishani, akatoa kichwa nje. Bi Kazija alisubiri kwa adabu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alisimama mbali na meza.

"Liondoe," alisema.

"Nitaliondoa. Boila ya ngapi?"

"Liondoe kwanza, Bi Kazija, nakuomba."

"Mabruki hakuliondoa kwanza. Boila ya ngapi?"

Usama aliichukua kompyuta kwa ncha za vidole, akaipakata, akasogea mpaka ukutani. Alibonyeza. Akafuta. Akabonyeza tena, na safari hii mikono yake ilikuwa misafi, maana alikwisha kuipangusa yote kwenye pazia.

"Ya kwanza," alisema. "Wengine wote wameshuka. Mzee wa pili sasa."

"Wa pili atamkata wa tatu kwa ajili ya pweza. Kesho atakayekatwa pengine ni hospitali inapiga kusema Mabruki kazidiwa. Wa tisa pana mtu?"

"Popo tu, wameshuka na chumba chao. Boila kapaacha."

"Mweke Mzee hapo, popo wapande. Pamekaliwa na watu wa moto, bado pana vuguvugu."

"Bi Kazija."

"Mweke. Ataonja viatu vinanukaje."

Usama alimtazama Bi Kazija. Halafu alilitazama shati, au alijaribu kulitazama, akabonyeza. Mashine ikatoa mlio mdogo, kama mtu aliyemeza.

Bi Kazija alilikunja shati taratibu, ndani kwa ndani, akalirudisha mfukoni na kufunga fundo. Alivuta kiti chake, akageuza mto upande wa pili, akakaa. Alivaa hedifoni, akaivua, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Nje moshi wa boila ulikuwa umenyooka juu. Kwenye ubao taa mbili zilikuwa zinawaka: mizani wanasema na getini, na Mzee Bakar anasema na jikoni. Ilikuwa yapata saa nne, saa ya Mzee kuuliza kinachopikwa. Bi Kazija hakuwa na haja ya kusikiliza. Alijua kwa jinsi taa ilivyoshikilia kwamba leo ni pweza tena.

"Sasa tusubiri?" aliuliza Usama.

"Tunasubiri. Wewe si ulitaka kuona kazi yako?"

"Na Mzee akiniuliza?"

"Mwambie mashine ina akili."

Usama alitaka kucheka, akakumbuka shati, akaacha.

Taa ya tatu ikawaka, nyekundu, ya boila. Ikapepesa mara moja tu. Taa ya Mzee Bakar ikazimika, kama mshumaa uliopulizwa, na kwa mbali, ofisi ya mwisho ya ukumbi, ikasikika sauti ya mtu akisema, "Halo? Halo? Nazi nyingi, nimesema. Halo?"

Bi Kazija alipokea.

"Maji," alisema Jecha.

Alikuwa hajamaliza herufi ya mwisho, mkono wa Bi Kazija ushafika ukutani. Swichi ikashuka. Chini kisimani pampu ikakohoa, ikatema, ikashika, na bomba linalopita uani likaanza kutetemeka.

"Yanakuja?" aliuliza.

"Yanakuja. Yanapanda. Yamepita alama." Jecha alivuta pumzi, na ilikuwa pumzi ya mtu aliyefanya jambo la aibu hadharani. "Asalaam aleikum, Bi Kazija."

"Waaleikum salaam, Bwana Jecha," alijibu.

"Niwie radhi nimeanza na maji."

"Nimekuwia."

Ukumbini makubazi ya ngozi yalikuwa yanakuja. Makubazi ya Mzee Bakar yalijulikana. Moja lilipiga sakafu, jingine lilikokotwa, na kati yake palikuwa na kituo kidogo cha kutemea tambuu kwenye kila chungu cha maua kilichokuwa njiani. Leo hayakusimama penye chungu hata kimoja.

"Bi Kazija," alinong'ona Usama, "nitasema mie ndiye niliye—"

Mlango ukafunguka. Mzee Bakar alikuwa na mkono wa simu mkononi, na waya uliokatika ukimfuata sakafuni kama mkia, na mate mekundu ya tambuu yamemchuruzika hadi kwenye ukosi wa kanzu.

Usama akajibanza ukutani. Bi Kazija hakugeuka. Masikioni mwake Jecha, asiyejua nani kaingia, alikuwa anaendelea taratibu, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa haki yake:

"Nyumbani hawajambo?"